Ukiitwa Geneva, ulale wapi?

Maswali huanza kumiminika Februari na Machi. Barua za mwaliko zikishatoka, wauguzi, wanasheria, viongozi wa vyama vya wafanyakazi na vijana wa asasi za kiraia kutoka Dar, Dodoma, Nairobi na Bujumbura huniandikia karibu maneno yale yale: dada shikamoo, mkutano ni Mei, ofisi imenipa posho ya wiki moja, nilale wapi? Huwa nawajibu wote, tena kwa kirefu, kwa sababu naishi huku na naona watu wetu wanavyofika mikutanoni. Leo naliweka jibu lote mahali pamoja.

Nianze na linaloniuma. Kila Mei, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani unapokaa Palais des Nations, makao ya Umoja wa Mataifa hapa Geneva, nchi kubwa huja na watu wengi. Mmoja akiwa Kamati A, mwenzake yuko Kamati B, wa tatu anaandika ripoti, wa nne amepumzika ili jioni apokee zamu. Ujumbe wa nchi zetu mara nyingi ni watu wachache wanaokimbia kutoka ukumbi hadi ukumbi, na jioni bado kuna vikao vya pembeni. Muuguzi aliyetoka Kigoma, akapata usingizi wa saa tatu tu kwa sababu dirisha lake linatazama baa, atabishaniaje aya ya azimio ikifika saa mbili usiku? Kwake kitanda ni kitendea kazi kama kompyuta aliyobeba. Ndiyo maana huwa nasikitika nikiona ofisi imemkatia mtu wake chumba kwa kuangalia nyota na bei, bila yeyote kufungua ramani.

Ramani yenyewe ni rahisi. Geneva imekaa kwenye ncha ya Ziwa Léman, pale Mto Rhône unapotoka ziwani, na mto ndio unaougawa mji. Ukingo wa kulia ndiko kuliko stesheni kuu ya Cornavin, uwanja wa ndege, mtaa wa Pâquis na karibu majengo yote ya mashirika ya kimataifa. Ukingo wa kushoto kuna mji mkongwe juu ya kilima, maduka ya Rue du Rhône, halafu Eaux-Vives, Plainpalais, Carouge na hospitali kuu ya chuo kikuu. Kwa hiyo kabla hujatafuta hoteli, soma barua yako ya mwaliko na utafute jina la jengo.

Kama ni Palais des Nations, unachohitaji ni tramu namba 15. Inapita Cornavin na kuishia Nations, kwenye uwanja unaojulikana kwa kile kiti kikubwa cha mbao kilichovunjika mguu, na safari haifiki dakika kumi. Ila kuna jambo ambalo barua za mwaliko hazilisemi wazi: lango la bendera unaloliona kwenye picha silo unaloingilia siku ya kwanza. Kitambulisho cha mkutano kwa kawaida huchukuliwa lango la Pregny, juu zaidi, mkabala na jumba la makumbusho la Msalaba Mwekundu. Kutoka Nations ni mwendo wa kupanda mlima kwa miguu, au unachukua basi. Asubuhi ya Jumatatu ya kwanza foleni hapo huwa ndefu, na pasipoti yako lazima uwe nayo mkononi. Mtu aliyelala mbali, aliyebadilisha basi mara mbili, hufika pale amechoka hata kabla mkutano haujafunguliwa.

Shirika la Afya Duniani lenyewe liko juu zaidi, barabara ya Appia. Shirika la Biashara Duniani liko chini ufukweni, Rue de Lausanne, na ukilala Pâquis unaweza kutembea hadi mlangoni. Maonyesho makubwa hufanyika Palexpo, pua kwa pua na uwanja wa ndege, na hapo ndipo hoteli za uwanja wa ndege zinapokuwa na maana. Mwanafizikia anayekwenda maabara ya CERN atafute chumba kwenye njia ya tramu 18. Anayemleta mgonjwa hospitali ya chuo kikuu aende ukingo wa kushoto, upande wa Champel au Plainpalais, asije akavuka mji kila siku na mtu mdhaifu. Treni ya Léman Express ina kituo cha Genève-Champel kinachoihudumia hospitali hiyo.

Kuna zawadi moja ya mji huu ambayo wageni wengi hawaitumii ipasavyo. Ukilala hotelini, hosteli ya vijana au hata kwenye kambi ya mahema ndani ya jimbo la Geneva, una haki ya kadi ya usafiri ya bure kwa muda wote wa kukaa kwako. Basi, tramu, treni za ndani ya jimbo, hata zile boti ndogo za rangi ya njano na nyekundu zinazovuka ziwa, wenyewe wanaziita mouettes, zote zimo. Siku hizi kadi hutumwa na hoteli kwa barua pepe siku chache kabla ya kufika, na unaionyesha kwenye simu. Usipoipata, waandikie uiombe kabla hujapanda ndege, ili hata treni ya kutoka uwanja wa ndege hadi Cornavin, ambayo ni dakika saba hivi, usiilipie. Ukikodi chumba cha mtu binafsi kupitia mtandao, usidhani kadi hiyo itakuja yenyewe. Uliza. Kwa anayekaa wiki nzima na kupanda tramu mara nne kwa siku, tofauti hiyo yaweza kufuta nafuu yote aliyodhani ameipata kwenye bei ya chumba.

Sasa Pâquis, maana ndiko wengi wetu tunakoishia.

Pâquis ni ule mtaa kati ya stesheni na ziwa. Hoteli za kifahari zimejipanga upande wa ufukweni, kwenye Quai du Mont-Blanc, lakini ukiingia ndani mtaa mmoja au miwili tu unakuta dunia nyingine: migahawa ya Kihabeshi yenye injera, wauza shawarma, maduka ya simu, vinyozi, saluni za kusuka ambako Kiswahili cha Kongo si kitu cha ajabu kukisikia. Chakula cha halali kipo kwa wingi. Ni mtaa unaokula usiku, wakati sehemu nyingine za Geneva zimeshafunga milango. Kwa mtu anayetoka mkutanoni saa tatu usiku akiwa na njaa, jambo hilo lina uzito wake. Hosteli ya vijana iko hapo hapo, Rue Rothschild, na bei yake hujumuisha mashuka na kifungua kinywa.

Lakini Pâquis hiyo hiyo ndiyo yenye Rue de Berne na biashara ya ukahaba, ambayo Uswisi ni halali. Wanawake wanaosafiri peke yao huniuliza kama pana usalama. Jibu langu ni kwamba mtaa una watu mpaka usiku wa manane, na kwa kawaida utapita salama. Mkoba ushike vizuri hasa ukikaribia stesheni. Tatizo kubwa la Pâquis ni kelele. Mwezi Juni madirisha yako wazi, watu wako nje kwenye viti vya baa, na kuta za majengo ya zamani zinapiga mwangwi. Kwa hiyo ukibuku hoteli hapo, andika sentensi moja kwenye ombi lako: naomba chumba kinachotazama ua wa ndani. Majengo mengi ya mtaa huo yamejengwa kuzunguka ua, na chumba cha upande huo huwa kimya kabisa, wakati chumba kinachotazama barabara kwenye korido ile ile hakilaliki. Sentensi hiyo haina gharama, na mapokezi wengi huizingatia ukiiandika mapema.

Nikilala Pâquis mimi asubuhi hupita ufukweni, hata kama tramu ingenifikisha haraka zaidi. Kuna Bains des Pâquis, bafu za umma za mwaka 1932 zilizoingia ndani ya ziwa. Zilitaka kubomolewa, wananchi wakapiga kura mwaka 1988 zikabaki. Chai na mkate wa asubuhi pale, au sahani ya mchana, ni kati ya vyakula vya bei ya kistaarabu katika mji mzima. Ukiendelea mbele kidogo kando ya maji unakuta jengo refu lenye madirisha yasiyohesabika, Palais Wilson. Lilifunguliwa mwaka 1875 likiwa hoteli, Hôtel National. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia likanunuliwa kuwa makao ya Ushirika wa Mataifa, uliotangulia Umoja wa Mataifa, na makarani wakahamia katika vyumba vya wageni. Huo ndio Ushirika ambao Tume yake ya Udhamini, hapa hapa Geneva, ilikuwa ikipokea taarifa za Waingereza kuhusu Tanganyika na za Wabelgiji kuhusu Ruanda-Urundi. Watu wetu walijadiliwa katika mji huu kwa miaka mingi bila wenyewe kuwamo chumbani. Baadaye jengo likapewa Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, na mtu wa Kasulu au Gitega akawa anaingia mlangoni na kitambulisho chenye jina lake. Kila nikipita hapo hujiambia kwamba mtu huyo anastahili awe amelala vizuri.

Nyuma ya stesheni, upande usio wa ziwa, kuna mtaa wa Grottes. Ni mdogo, una nyumba za rangi rangi na uwanja wenye soko, na kelele zake ni chache kuliko za Pâquis. Hoteli za nyota mbili na tatu zilizoko huko zinafaa sana mjumbe wa mikutano: dakika chache kwa miguu hadi tramu 15, dakika chache hadi treni ya uwanja wa ndege. Servette nayo ni hivyo hivyo, ya kawaida, ya wakazi. Mji mkongwe ni mzuri wa kutazama, lakini una mawe na vilima, na ukiwa na sanduku la magurudumu utauchukia. Carouge, iliyojengwa na wafalme wa Sardinia, ina utulivu na tramu nzuri, ila uko upande wa pili kabisa na Umoja wa Mataifa.

Kuhusu bei sitadanganya mtu: Geneva ni ghali. Hoteli ya nyota tatu ya kawaida, siku zisizo na mikutano, mara nyingi utaiona kati ya faranga 130 na 200 kwa usiku, na kitanda katika chumba cha pamoja cha hosteli ni karibu robo yake. Lakini bei hizo zinafuata kalenda ya mikutano. Aprili kuna maonyesho ya saa za anasa pale Palexpo, na vyumba vya mji mzima hupanda. Mei ni afya. Juni ni Mkutano wa Kimataifa wa Kazi, wenye maelfu ya wajumbe wa serikali, waajiri na wafanyakazi. Baraza la Haki za Binadamu hukaa mara tatu kwa mwaka. Wiki hizo chumba kile kile huweza kuuzwa maradufu. Mwishoni mwa juma, wafanyabiashara wakishaondoka, bei hushuka. Agosti na wakati wa Krismasi pia. Kwa hiyo mwenye tarehe za Mei aweke nafasi Januari, hata kabla ya barua rasmi, ila achague ile bei inayoruhusu kufuta bila faini. Ni ghali kidogo kuliko ile isiyorudishwa, na inafaa kulipia tofauti hiyo, maana viza ikichelewa pesa zako hazipotei.

Kabla hujakata tamaa, kuna milango miwili ambayo watu hawaigongi. Wa kwanza ni ubalozi wa nchi yako wa kudumu hapa Geneva. Hoteli nyingi zina bei maalumu kwa balozi na mashirika ya Umoja wa Mataifa, na ofisa ubalozini anajua zipi. Wa pili ni kituo kiitwacho CAGI, kinachoendeshwa kwa ajili ya jumuiya ya kimataifa ya Geneva. Kina huduma ya kuwapokea wajumbe wa asasi zisizo za kiserikali, hasa wa kutoka nchi zinazoendelea, na kuwasaidia kupata malazi ya bei nafuu. Waandikie mapema sana. Watu wa makanisa nao wanakijua kituo cha John Knox kilichoko Grand-Saconnex, cha tangu 1953: vyumba vya kawaida, bustani, ukimya, na mashirika ya kimataifa yako jirani.

Halafu kuna swali la Ufaransa. Mpaka uko karibu mno, na tangu Léman Express ianze Desemba 2019, treni kutoka Cornavin hadi Annemasse haifiki nusu saa. Hoteli za Annemasse na Ferney-Voltaire ni nafuu, na kwa kuwa Uswisi imo Schengen, eneo la nchi za Ulaya zenye viza moja, tangu 2008, viza yako inakuvusha. Mimi huwa siwapendekezei wajumbe, na sababu zangu ni hizi. Kadi ya bure ya usafiri unaikosa, hivyo nauli ya kila siku ni yako. Pasipoti lazima utembee nayo, kwa sababu askari wa mpakani hukagua ndani ya tramu na treni, na mtu mweusi mwenye sanduku huombwa karatasi mara nyingi kuliko jirani yake. Nimeliona kwa macho yangu. Na viza yenyewe: kanuni ya Schengen inataka uombe kwa nchi ambayo ndiyo shabaha kuu ya safari yako, kwa siku au kwa kusudi. Ukiwapelekea Waswisi hoteli ya Ufaransa kwa wiki nzima, umejitengenezea maswali. Anayekuja kutembea tu kwa jamaa, mwenye muda na asiye na kikao cha saa mbili asubuhi, Annemasse inamfaa.

Kwa karatasi za viza, jina kwenye nafasi ya hoteli liwe sawasawa na la pasipoti, herufi kwa herufi, na usiku zote zionekane, hata ule wa kufika. Kuhusu malipo: hoteli nyingi zitakuomba kadi halisi ya benki mapokezini ili kuzuia kiasi fulani cha dhamana. Kadi ya kwenye simu iliyokubalika mtandaoni huenda isikubalike pale kaunta. Waulize kwa barua pepe kabla, au beba kadi ya plastiki yenye salio la ziada. Na fedha ya huku ni faranga. Ukitoa yuro watazipokea sehemu nyingi, lakini kwa kiwango kitakachokuumiza.

Ukiwa unalinganisha vyumba, soma mambo ambayo picha hazionyeshi. Je, kuna kiyoyozi? Geneva ina masharti makali ya kufunga viyoyozi na hoteli nyingi ndogo hazina. Julai, ghorofa ya juu chini ya paa, joto lake mtu wa Tanga atalitambua, ila hapa hakuna upepo wa bahari. Januari mambo ni kinyume: kuna upepo wa kaskazini-mashariki, la bise, unaoteleza juu ya ziwa na kupenya koti lolote, na mita mia tatu za ziada kati ya hoteli na kituo cha tramu utazihesabu kwa meno. Angalia kama bafu ni la ndani au la korido. Angalia upana wa kitanda, kwa sababu chumba cha mtu mmoja huku huwa na kitanda cha sentimita 90. Plagi ya pini tatu bapa tuliyoizoea Tanzania na Kenya haiingii. Soketi ya Uswisi ni tundu lenye pembe sita, limezama ukutani, na linapokea pini nyembamba za duara. Hata ile plagi nene ya Kijerumani inakataa. Nunua kigeuzi chenye pini nyembamba huko nyumbani, maana hapa utakilipia bei ya chakula cha jioni.

Na chakula ndicho kinachokula posho kuliko kitanda. Kwa sababu hiyo, kati ya chumba cha faranga 150 kisicho na kitu na cha faranga 170 chenye kifungua kinywa na jiko dogo, mimi nachukua cha pili bila kufikiri mara mbili. Maji ya bomba ni safi, ya kunywa. Maduka makubwa ya Migros na Coop yana kila kitu, na migahawa ya Migros inatoa sahani moto kwa bei ya kuvumilika. Ukitaka kuja na unga wako wa sembe, hakuna atakayekuzuia. Nyama na maziwa usibebe, forodha inavikataa vikitoka nje ya Ulaya. Ukifika Jumapili, kumbuka maduka mengi ya mji yamefungwa, isipokuwa hasa ya stesheni ya Cornavin na ya uwanja wa ndege, kwa hiyo nunua maji ya matunda na mkate hapo hapo kabla hujapanda tramu. Ndege nyingi za usiku kutoka kwetu hufika asubuhi na vyumba hufunguliwa alasiri; waambie hoteli saa yako ya kufika, wakutunzie mizigo, na omba kama kuna bafu la kuoga kabla ya kwenda kuchukua kitambulisho.

Na siku ya kuondoka, kama hoteli imekufaa, usirudishe ufunguo na kwenda zako. Mikutano hii inarudi kila mwaka karibu wiki zile zile. Muulize mtu wa mapokezi bei yao ya Mei ijayo kwa anayebuku moja kwa moja bila kupitia tovuti za watu wengine, chukua barua pepe yake, na uiache ofisini kwako pamoja na namba ya chumba kile kinachotazama ua, ili atakayefuata, awe wewe au mwenzako, aandike Januari na kukitaja.